Ua la Kileleni Kahuzi

Usiku wa kwanza niliolala Bukavu, mnamo Julai 2017, chakula changu kilipikwa juu ya mbabula, nalo ndilo jina walipalo watu wa huko lile jiko dogo la bati ambalo sisi wa pwani twaliita jiko la mkaa. Na mkaa wenyewe wao huuita makala, neno lililonichukua siku mbili kulizoea, kwani kwangu mimi makala ni kitu kiandikwacho gazetini, si kitu kitiwacho moto. Binti wa mwenyeji wangu alichutama uani akiyapepea kwa kifuniko cha ndoo, cheche zikiruka gizani, na juu ya mbabula samaki waitwao sambaza walikuwa wakitatarika katika mafuta ya mawese. “Papa,” akaniuliza bila kuinua kichwa, “utakula na bugali ao na ndizi?” Nikajibu ugali, nikala pamoja na mboga ya sombe nikashiba, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa na mtu. Sikujua ya kuwa siku ya nne yake ningelikumbuka jiko lile kwa haya.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache na vitabu vingi, aliyenifahamisha kuwa hao sambaza niliowasifu si wenyeji wa ziwa lile: waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, wakamwagwa katika Ziwa Kivu ambalo lilikuwa na samaki wachache, wakazaana, na leo ndio kitoweo cha maskini na tajiri kutoka Bukavu hadi Goma. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu wapenzi wa viumbe adimu, nami nikiwamo, tuna tabia ya kumshuku kila mgeni na kumsamehe kila mwenyeji. Na katika safari hii niliona mwenyeji wa msituni mwenye madhara kuliko mgeni yeyote.

Asubuhi Mwalimu alinitoa barazani kwake kunionyesha mji. Bukavu umekaa pale Ziwa Kivu linapojimimina katika mto Ruzizi, juu ya rasi tano zilizoingia majini kama vidole vya mkono uliolazwa juu ya meza, na ng’ambo ya pili ni Rwanda, karibu kiasi cha kusikika jogoo wao. Wabelgiji waliuita Costermansville, wakaujengea nyumba za mapaa mekundu kwa ajili ya watu wachache waliopenda baridi na maua bustanini. Leo vilima vya Kadutu na Bagira vimefunikwa kwa nyumba zilizobebana migongo, nyingi zikiwa za watu waliokimbia vita vijijini. Na kila nyumba ina mbabula, na kila mbabula ina njaa yake. Barabarani walikuwa wakipita akina mama walioinama chini ya magunia marefu, kamba ya mzigo imepitishwa kipajini, macho yao chini, miguu ikipapasa mawe. Nilimwuliza Mwalimu magunia yale yametoka wapi. Akainua kidevu kuelekea magharibi, ambako juu ya ukungu wa asubuhi palikuwa pamesimama mlima wa samawati, mpana, mtulivu, kama mtu aliyejifunika shuka akakataa kuamka.

“Kule,” akasema. “Ndiyo Kahuzi.”

Nami nilikuwa nimekuja kwa ajili ya Kahuzi, ila si kwa jambo ambalo watu huliendea.

Yafaa nieleze kilichonitoa kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na mtu wa Tanga mwenye kupenda mimea hukua na uchungu mmoja moyoni. Katika misitu ya Usambara mna ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya laini kama sikio la paka, liotalo katika nyufa za mawe yenye unyevu. Katika zama za Wadachi liwali wao wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina lake, Saintpaulia. Tangu hapo limezalishwa kwa mamilioni, likakaa madirishani Ulaya na Marekani, bibi mmoja wa London analimwagia maji kwa kijiko. Na huku kwetu, lile la mwituni linazidi kudidimia kila msitu unapokatwa kupisha mashamba. Basi niliposoma kwamba juu ya Mlima Kahuzi kuna mmea wa maua ambao wataalamu wameupa jina la mlima huo, Senecio kahuzicus, na ya kuwa urithi huo haupatikani katika dirisha la bibi yeyote, nilishikwa na shauku ya kuuona kabla hatujaanza kuusimulia kwa sauti ya matanga.

Safari ilianzia Lwiro, kwani Mwalimu alishikilia kwamba si adabu kumwendea mtu nyumbani kwake kabla hujamwuliza jamaa yake habari zake. Njia ya kaskazini hufuata ziwa, ikapita mashamba ya mikwinini, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya homa ya malaria na ambayo imekuwa ikilimwa Kivu tangu zama za Wabelgiji, kisha migomba, kisha kiwanja cha ndege cha Kavumu. Lwiro ni jumba la ajabu kulikuta mashambani: majengo ya mawe yenye nguzo na nyua za ndani, kama nyumba ya watawa, yaliyojengwa baada ya kuasisiwa taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, IRSAC, mwaka 1947, na ambayo leo ni makao ya kituo cha utafiti wa sayansi za asili, CRSN. Humo mna maktaba yenye harufu ya karatasi za zamani, na mna hazina ya mimea mikavu, iliyobandikwa juu ya karatasi ngumu na kupangwa makabatini kama mashahidi wanaongoja kuitwa barazani.

Mlinzi wa hazina ile alikuwa kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulipomweleza haja yetu alicheka kidogo, akasema kwamba wageni wamuulizao juu ya senesio wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kwake ndiko nilikojifunza ya kuwa mmea huo una kesi ya jina. Wako wataalamu waliouhesabu kuwa ni aina ya peke yake, isiyoota ila katika vilele hivi. Na wako wanaouingiza katika ukoo mmoja na masenesio makubwa ya Rwenzori na Virunga, wakisema kuwa tofauti zake ni za sura tu, si za nasaba. Mtu aliye mbali ataona kuwa huo ni ugomvi wa makarani. Lakini dunia ya leo huhifadhi kilichoandikwa daftarini, na mmea uliofutiwa jina lake huhesabiwa kuwa upo salama mradi ndugu yake yupo salama kwenye mlima wa nchi nyingine, hata kama huu wa kwetu umekwisha kuwa jivu.

Juu ya nasaba yenyewe hakuna mzozo, nayo ni kisa cha kustaajabisha. Masenesio haya makubwa ni ya jamii moja na alizeti, japokuwa ukiyaona hutadhani. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 1995 na Eric Knox na Jeffrey Palmer ulionyesha kuwa babu yao alikita mizizi juu ya Kilimanjaro takriban miaka milioni moja iliyopita, na kutoka huko mbegu zao, ambazo ni nyepesi na zina vinyoya, zikachukuliwa na upepo mlima kwa mlima: Meru, Kenya, Elgon, Rwenzori, Virunga, hata zikafika katika safu hii ya milima ya Mitumba. Kilele kirefu katika nchi yetu ni kama kisiwa, na nyanda za joto zilizokizunguka ni bahari ambayo mmea wa baridi hauwezi kuivuka ila kwa tufani ya bahati. Mimi niliyekulia pwani nililielewa jambo hilo papo hapo. Majahazi hayo ya vinyoya yalianza safari Uchagani, na yakatia nanga katika nchi hii ya Bushi.

Siku ya pili yake tulishika njia ya Miti, tukakata magharibi, tukapanda kupita mashamba ya chai yaliyonyolewa sawasawa kama vichwa vya wanafunzi, hadi Tshivanga, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1970, baada ya juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyejitoa nafsi yake kuwazoesha sokwe wakubwa macho ya binadamu. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000 kwa kuunganishwa na misitu ya bondeni. Mwaka 1980 ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 1997 katika orodha nyingine isiyo ya fahari, ya urithi uliomo hatarini. Yote hayo yalifanywa kwa ajili ya gorila wa nchi tambarare za mashariki, na sina kinyongo nao. Mnyama yule ana macho ya mtu aliyesikia habari mbaya akainyamazia. Lakini pale langoni kila aliyenipokea aliniuliza nataka kuona familia ipi ya gorila, na nilipojibu kuwa nimekuja kuona ua, karani aliinua kalamu, akaitua, akaniuliza tena kwa sauti ya juu zaidi, akidhani nimeingiwa na uziwi.

Nilipewa askari wawili wenye bunduki na kiongozi mmoja, mzee mfupi wa Kitwa aliyevaa buti za mpira, ambaye katika siku nzima ya kupanda sikumwona akitazama mahali anapoweka mguu. Mimi nilitazama kila mahali na bado nilianguka mara tatu.

Kahuzi, ambao ni volkano iliyokwisha kuzimika, una urefu wa mita 3,308 kutoka usawa wa bahari, na kuupanda ni kama kupita katika nyumba yenye vyumba vingi, kila mlango ukifunguka kwenye hali nyingine ya hewa. Chumba cha kwanza ni msitu wenyewe, mrefu, wenye kutiririka maji hata wakati wa kiangazi. Hapo ndipo nilipomwona yule mwenyeji mbaya niliyemtaja. Ni mtambaazi uitwao na wataalamu Sericostachys scandens, mzalia wa misitu hiyohiyo, uliopanda juu ya miti ukaifunika kabisa, hata mahali pengine hukuona mti bali kilima cha majani kilichojipinda, kama fanicha zilizofunikwa shuka katika nyumba ya waliohama. Mti uliofunikwa hivyo hukosa jua, ukaoza umesimama. Nilimwuliza mzee kwa nini mmea wa zamani umepata nguvu mpya.

“Papa,” akanijibu, “tembo alikuwa anakula hii. Anavunja, anakanyaga, anapita. Vita ikaua tembo. Sasa nani atakula?”

Ni jawabu ambalo baadhi ya watafiti nao wamelifikia kwa njia ndefu zaidi. Katika sehemu hii ya juu walikuwapo ndovu kwa mamia hadi vita vya miaka ya 1990, vilipofuatana mauaji ya Rwanda ya 1994, kambi za wakimbizi zilizowekwa kando ya msitu, na majeshi yaliyopita na kurudi. Ndovu hao wakauawa karibu wote kwa nyama na kwa pembe.

Chumba cha pili ni mianzi, mamia kwa maelfu, iliyosongamana hata mwanga ukaingia wa kijani kama mwanga wa chini ya bahari. Mianzi nitaipita haraka, kwani nasi tuliipita kwa kutambaa. Kisha hewa ikabadilika, pumzi ikawa fupi, tukatokeza katika chumba cha tatu, nacho hakifanani na chochote nilichokijua.

Ni nchi ya miti ya erika, yenye majani membamba mithili ya sindano, iliyoning’iniza ndevu za kuvu za kijivu zilizokuwa zikidondosha matone. Ardhi ni laini, nyeusi, ya kuzamisha mguu. Watu hudhani kwamba jangwa ni mchanga na jua. Lakini liko pia jangwa la baridi, ambamo maji yapo tele na mmea haupati kuyanywa, kwa kuwa usiku udongo hupoa hata mizizi ikafa ganzi, na alfajiri jua la ikweta huyapiga majani kabla mizizi haijaamka. Mmea wa mahali kama hapo huishi siku moja yenye kiangazi na kipupwe pamoja, na hulazimika kujivika na kuweka akiba kama ufanyavyo mmea wa jangwani. Kahuzi si mrefu kama Rwenzori, na ukali wake ni mdogo zaidi; hata hivyo tulipofika karibu na kilele mchana wa Julai, vidole vyangu vilikataa kufunga kifungo cha koti.

Na hapo, katika ukungu, nikaona watu wamesimama.

Nasema watu kwa sababu ndivyo jicho lilivyoniambia. Walikuwa wa kimo cha mtu mzima na zaidi, wanene, wamevaa makoti ya hudhurungi yaliyofika miguuni, na juu ya kila mmoja kulikuwa na kilemba kikubwa cha majani. Mzee akasema tu, “Ndiyo hii,” akaketi juu ya jiwe, akatoa kiazi cha kuchemsha mfukoni akaanza kukimenya.

Nilikaribia mmoja. Hilo koti ni majani yake mwenyewe yaliyokufa: mmea huu hauangushi majani makuukuu, bali huyaacha yaning’inie shinani, tabaka juu ya tabaka, yaukinge mwili na baridi ya usiku, na ndani ya shina hilo mna moyo laini unaohifadhi maji. Nilitia mkono chini ya majani hayo, nikakuta pakavu, na pana joto kidogo, kama chini ya bawa la kuku. Kilemba ni majani mabichi marefu yaliyojipanga duara kama kabichi ya jitu, upande wa chini yana vinywele vyeupe. Na juu ya mmoja katika hao, kutoka katikati ya kilemba, lilikuwa limesimama shada lenye maua ya manjano, mengi, madogo, kila moja likiwa mithili ya alizeti iliyonywea katika baridi, nayo yanainamisha vichwa kwa uzito wa umande. Hayana harufu niliyoweza kuisikia. Inzi mmoja alikuwa ametua juu ya ua moja, amepumbaa kwa baridi, hata nilipomgusa hakuruka.

Mzee akanionyesha jambo ambalo kitabu kilinieleza baadaye kwa maneno mengi. Tawi la mmea huu likitoa maua huishia hapo, na ili liendelee kuishi hupasuka likawa panda. Kwa hiyo ukihesabu panda kutoka chini hadi juu utajua mmea umechanua mara ngapi, na kati ya mara na mara huweza kupita miaka mingi. Ule niliousimamia ulikuwa na panda tatu. “Hii mimi nilikuta iko hivi,” akasema mzee akiupiga kofi shinani kwa upole, “na baba yangu alikuta iko hivi.” Baba yake alizaliwa mle msituni, na katika miaka ya 1970 akatolewa pamoja na Batwa wenzake, hifadhi ilipopanuliwa, wasipewe ardhi nyingine ya kukaa. Aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyosemea juu ya viazi.

Hatua mia mbili kutoka hapo, upande wa kuteremkia magharibi, palikuwa peusi.

Sikujua mwaka palipounguzwa, nami sikumwona aliyewasha. Moto wa mlimani huweza kuanzishwa na mrina asali asiyezima mwenge wake, au na mwindaji aliyetaka kuota, au na mchoma makala aliyepanda juu kuwakimbia askari. Na erika kavu haina simile ikishikwa. Mashina ya senesio yalikuwa yamesimama uchi, meusi, bila makoti yao. Nikafahamu hapo ukatili wa jambo lenyewe: vazi lile lililousitiri mmea na baridi kwa miaka makumi ndilo lililoupokea moto, kwani majani makavu yaliyofungwa kiunoni ni kuni iliyokwisha kupangwa. Kati ya mashina kama kumi niliyoyagusa, mawili yalikuwa yamechipua kilele. Yaliyobaki yalivunjika mkononi kama ganda la mkate.

Na kuna adui mwingine asiyewaka wala kukata. Kwa kila mita mia unazopanda mlima, joto hupungua kadiri ya nusu digrii au zaidi kidogo; maana yake ni kwamba dunia ikizidi joto kwa digrii moja, kila chumba cha nyumba ile hujisogeza juu kwa mita mia moja na hamsini na ushei. Mianzi itaingia katika nchi ya erika, erika itapanda pahala pa senesio. Senesio la Kilimanjaro lina mahali pa kupanda. Hili la Kahuzi liko kileleni tayari, na juu yake pana ukungu tu.

Niliketi kando ya mzee tukala viazi. Nilimwuliza, lau angepewa mamlaka, angefanya nini. Akafikiri kitambo, akasema angeanza na Bukavu. “Sisi wanasema tunaharibu pori. Mimi sina mbabula mia elfu, Papa. Mbabula ziko kule.” Askari mmoja akacheka, kisha akanyamaza, kwa kuwa upepo ulikuwa umelifungua pazia kwa dakika mbili, na tukaliona ziwa lote chini yetu, na mji ukingoni mwake, na juu ya mji wingu jembamba la moshi wa chakula cha mchana. Ndipo nilipowakumbuka wale sambaza, na sikuweza kuumaliza ugali wangu usiku ule, ingawa kwa adabu nilisema ni tumbo.

Sitaki nidhaniwe kuwa nawalaumu wale akina mama wa magunia. Mwanamke abebaye gunia kutoka ukingo wa msitu hadi Kadutu halipati pato la mti. Hupata nauli ya mgongo wake. Mji wa watu wengi namna ile ambao hauna umeme wa kutosha wala gesi ya bei ya kupatikana utakula msitu ulio karibu, hata ukiuzungushia askari elfu; na yeyote asemaye kuhifadhi Kahuzi bila ya kusema Bukavu itapikia nini, maneno yake ni ya kuandika kwenye kuta za ofisi. Ndiyo maana naandika makala juu ya makala.

Yaliyofuata safari yangu nayafahamu kwa simu na kwa magazeti. Mnamo Oktoba 2018 makundi ya Batwa, waliochoka kungoja ardhi waliyoahidiwa, walirudi msituni. Yakatokea mapambano na walinzi, watu wakauawa pande zote, na upande wa juu wa hifadhi, uleule tuliopitia, miti mingi ikakatwa, kwani nyuma ya wenye dai la haki waliingia wenye misumeno na fedha. Mnamo Julai 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba nchi ya Kongo iliwadhulumu Batwa wa Kahuzi kwa kuwatoa katika ardhi yao, nami nilimkumbuka yule mzee na sauti yake ya viazi. Kisha Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Kavumu, na muda si mrefu baadaye wakaingia Bukavu. Mwalimu aliniandikia kwamba yuko salama, kwamba makala imepanda bei, na kwamba mlima bado unaonekana barazani kwake asubuhi zisizo na ukungu.

Limebaki jambo moja nililolifanya kule juu ambalo sijalisema. Gorila wa Kahuzi wana majina. Deschryver alimwita mmoja Casimir, na wenziwe waliofuata, Maheshe na Mushamuka na Chimanuka, habari zao zimeandikwa kama habari za wafalme. Nikaona si haki senesio zisiwe hata na hesabu. Basi nilianzia kwenye lile jiwe alipoketi mzee, nikashika upande wa ziwa, nikawa nagusa kila shina lililo hai kwa mkono na kuhesabu kwa sauti, askari akinifuata huku akidhani nimepandwa na wazimu wa milimani. Nilifika ishirini na saba. Ukungu ukafunga, mzee akapiga mluzi, ikabidi tuteremke kabla ya giza. Ewe utakayepanda baada yangu siku njia itakapofunguka, usiende na moto. Na ukifika kwenye jiwe hilo, ambalo ni pana na limepasuka katikati, anza kwa kuyagusa yale ishirini na saba uone kama yapo, kisha endelea kutoka ishirini na nane.